Waitwe Tena au Waachwe? Mjadala Kuhusu Waigizaji wa Awali wa Star Trek

Kampuni ya filamu ikitangaza kwamba inafufua tamthilia ya zamani ya sayansi ya kubuni, watazamaji hawaulizi kwanza nani ataandika wala nani ataongoza. Wanauliza: wale wenyewe watakuwemo? Star Trek imelijibu swali hilo mara nyingi kuliko tamthilia yoyote ya Marekani ninayoifahamu, tangu kikosi cha mwaka 1966 kiliporudishwa kwenye filamu ya 1979 hadi kikosi cha 1987 kilipokusanywa tena mwaka 2023. Kwetu nyumbani limegawa watu, nami nimewapa nafasi watatu kati yao. Mjomba ameipenda tamthilia hii tangu ujana wake. Mpwa wake ni binti anayefanya kazi ya kuhariri filamu, na amechoshwa na sura zilezile. Shangazi wa binti huyo ameigiza michezo ya redio na ya jukwaani kwa miaka mingi, na mchezo wowote huutazama kwanza kwa jicho la mfanyakazi. Maneno yao nimeyapunguza, hoja zao sikuzigusa.

Mpwa: Mjomba, shikamoo, na uniwie radhi nikianza kwa ukali. Sayansi ya kubuni kazi yake ni kutuonyesha kesho. Mbona kesho hiyo inazidi kujaa watu wa jana? Star Trek ya kwanza ilianza kurushwa na NBC tarehe 8 Septemba 1966, ikafutwa mwaka 1969 baada ya vipindi 79. Ilikuwa na ujasiri mkubwa. Iliweka Mmarekani mwenye asili ya Japani kwenye usukani, Mrusi kando yake katikati ya vita baridi, na mwanamke mweusi kwenye mitambo ya mawasiliano. Wengi wao hawakuwa na jina kubwa. Walipewa nafasi, wakaaminiwa. Leo anayetafuta fedha za kutengeneza tamthilia ya anga anaambiwa alete kwanza sura inayojulikana. Kijana mwenye kipaji kama cha Leonard Nimoy, yule Spock wa 1966, atakaa wapi?

Mjomba: Marahaba, mwanangu. Nafasi ipo, na Star Trek yenyewe ndiyo shahidi. Mwaka 1987 walileta kikosi kipya kabisa. Nahodha wao, Picard, aliigizwa na Patrick Stewart, mtu wa jukwaani wa Uingereza aliyezoea Shakespeare, ambaye Wamarekani wengi hawakumjua. Kikosi hicho kilitengeneza vipindi 178 hadi 1994. Katika kipindi chao cha kwanza kabisa waliitwa wazee wangapi? Mmoja tu. DeForest Kelley, yule Daktari McCoy, alikuja akiwa amepambwa kama mzee wa miaka 137, akatembea kwenye korido ya chombo kipya polepole, akawatakia heri, akaondoka. Ilikuwa dakika chache tu. Mzee alikuja kufungua mlango, na waliobaki ndani ni vijana.

Mpwa: Hiyo ya dakika chache sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni pale mzee anaporudishwa kuwa steringi.

Mjomba: Basi tuzungumzie Khan, maana hapo ndipo hoja yangu iliposimama. Februari 1967 kilirushwa kipindi ambacho Ricardo Montalbán aliigiza Khan, mtawala wa kale aliyeamshwa kutoka usingizi wa karne mbili. Akajaribu kukiteka chombo, akashindwa, na mwisho Nahodha Kirk akamwacha yeye na wafuasi wake kwenye sayari tupu waanze maisha. Hadithi ikaishia hapo. Hakuna aliyepanga kumrudia. Mwaka 1982 filamu ya pili ya Star Trek alikabidhiwa Nicholas Meyer, mwandishi wa riwaya ambaye hata hakuwa mfuasi wa tamthilia hii. Khan akarudishwa, na aliyeitwa kumwigiza ni Montalbán yuleyule. Sasa angalia. Ndani ya hadithi Khan amesahaulika jangwani kwa miaka 15, na nje ya hadithi imepita miaka 15 kweli. Anapovua vitambaa alivyojikinga navyo na vumbi, unaona nywele zilizogeuka rangi, unaona mashavu yaliyobeba muda. Mke wake amefia pale. Na yule aliyemtupa hakuwahi kurudi kumtazama. Mpambaji gani wa nyuso angeweza kukutengenezea hasira ya namna ile?

Halafu kuna Kirk. Mwanzoni mwa filamu hiyohiyo ni siku yake ya kuzaliwa, na McCoy anamletea zawadi. Anaifungua, anakuta miwani ya kusomea. William Shatner, aliyemwigiza, alikuwa na miaka 51 filamu ilipotoka. Nahodha aliyekuwa akiruka meza na kupigana kwa ngumi anapewa miwani! Baadaye, chombo chake kimepigwa na adui anamsubiri ajibu, inabidi aitoe mfukoni aivae ndipo asome maandishi kwenye mtambo. Nikiiona sehemu ile huwa nanyamaza. Filamu ya 1979 ilikuwa imewarudisha watu walewale kwa fedha nyingi zaidi, lakini muda mrefu kamera ilizunguka chombo na kulitazama wingu. Ya 1982 ilikuwa na bajeti ndogo mno ukilinganisha, ikawatazama watu. Ndiyo inayopendwa hadi leo.

*Naongeza jambo moja hapa. Khan na Kirk hawakutani uso kwa uso hata mara moja katika filamu hiyo. Ugomvi wao wote unapita kwenye skrini za vyombo. Na Chekov, ambaye Khan anadai anamkumbuka, hakuwa bado amejiunga na tamthilia Februari 1967. Kosa hilo linajulikana, na halijamzuia mtazamaji yeyote kuamini chuki ya Khan.*

Mpwa: Mjomba, umechagua tunda bora kuliko yote mtini. Mimi nitachukua lililooza. Mwaka 1994 walitengeneza Generations, filamu ya kukutanisha kikosi cha Kirk na cha Picard. Nimoy na Kelley walikataa kushiriki. Basi mistari iliyoandikwa kwa ajili ya Spock na McCoy ikagawiwa James Doohan, aliyeigiza Scotty, na Walter Koenig, aliyeigiza Chekov. Ukiwa mhariri unalisikia jambo hilo masikioni. Scotty anasema maneno ambayo si ya Scotty. Chekov, mtu wa usukani na silaha, ghafla anasimamia chumba cha wagonjwa na kuwageuza waandishi wa habari kuwa wauguzi. Waliitwa kwa sababu sura zao zilihitajika kwenye bango, basi. Na Kirk mwenyewe anarudishwa ili afe akiwa ameangukiwa na daraja la chuma. Steringi aliyelea kizazi kizima akafa hivyo, kwa sababu tu mtu aliona watu wawili wakisimama pamoja wataleta fedha.

Shangazi: Ngojeni kwanza. Mnazungumza kama vile waigizaji ni vyombo vya kabatini, mmoja anasema vitolewe, mwingine anasema vifungiwe. Hawa ni watu wa kazi. Mwanangu, umesema Nimoy alikataa, ukapita haraka. Uamuzi huo mimi nauheshimu kuliko filamu nyingi alizokubali.

Mwaka 1973 kampuni ya Filmation ilikuwa inatengeneza Star Trek ya katuni. Ili kubana matumizi, ikapanga kutowaita Nichelle Nichols na George Takei. Sauti za Uhura na Sulu zingefanywa na wenzao waliokwisha ajiriwa. Nimoy akasema kama wawili hao hawamo, naye hayumo. Alisema wao ndio ushahidi wa kile ambacho tamthilia ilikuwa ikihubiri. Wakaitwa. Koenig bado aliachwa nje kwa sababu ya bajeti, ingawa aliwaandikia kipindi kimoja. Halafu ikaja habari ya filamu ya 1979. Nimoy alikuwa na madai kuhusu sura yake kutumika kuuzia bidhaa bila yeye kulipwa, likiwemo tangazo la bia kule Uingereza. Hakuweka saini hadi madai yale yalipomalizwa. Mikataba ya miaka ya sitini iliwalipa waigizaji kwa marudio machache ya mwanzo tu, na tamthilia hii imerudiwa kwenye televisheni za dunia miaka yote. Watu walitajirika kwa sura zile huku wenye sura wakizunguka kutafuta kazi nyingine.

Mjomba: Shemeji, hapo umenipa nguvu. Kumbe kuwarudisha ni kulipa deni.

Shangazi: Shemeji, deni halilipwi kwa kumwita mtu asimame nyuma ya kiti. Nichelle Nichols alipofika kwenye usaili alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, hadithi ya Kenya, na jina la Uhura likatoka hapo. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, ile siku ya Septemba 1966, kuna kiumbe kinachojigeuza kuwa mwanamume Mwafrika kikamsemesha Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika kipindi kingine, Uhura mwenyewe anafutiwa kumbukumbu na Kiswahili kinamtoka kinywani. Alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, na mara nyingi alisimulia kwamba Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Mwaka 1977 alifanya kazi na NASA kuwatafuta wanawake na watu weusi wajiunge na wanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kufika angani, mwaka 1992, amesema Uhura ndiye aliyemtia hamu. Mtu wa namna hiyo mnamrudisha kwenye filamu sita, na katika nyingi kati ya hizo kazi yake ni sentensi chache za mawasiliano! Yeye, Takei na Koenig wameeleza kwa vinywa vyao jinsi mistari yao ilivyopungua.

Ndiyo maana nampenda Sulu wa mwaka 1991. Filamu ya sita inaanza, na Takei ameketi kwenye kiti cha nahodha cha chombo chake mwenyewe, Excelsior. Alikipigania cheo hicho miaka mingi. Mwisho wa filamu ile saini za waigizaji saba zinaandikwa moja moja juu ya nyota. Nilipoziona nilisema, naam, leo wamekumbuka kwamba kuna watu saba.

Mpwa: Shangazi, hilo nalikubali bila kinyongo. Mwigizaji anaporudi akakuta mhusika wake amekua, hata mimi natulia. Scotty yuleyule niliyemlaumu kwenye Generations, miaka miwili kabla, mwaka 1992, alipewa kipindi kizima kwenye tamthilia ya kikosi cha Picard. Ameamka miaka 75 mbele ya wakati wake. Mafundi vijana wanamwona msumbufu. Basi anaingia peke yake kwenye chumba cha taswira, anaomba aonyeshwe chumba cha usukani cha chombo chake cha zamani, anakaa na glasi yake. Baada ya muda Picard anaingia, wanakunywa pamoja, wanazungumza kama manahodha wawili waliowahi kupenda chombo. Doohan alikuwa na miaka 72. Kama wote wangerudishwa hivyo, mjadala huu tusingekuwa nao.

Mjomba: Sasa unakuja.

Mpwa: Siji mbali, Mjomba. Nataka kuuliza mbona tunadhani mwigizaji hawezi kurudi akiwa mtu mwingine. Mtazame Richard Hatch. Alikuwa Apollo kwenye Battlestar Galactica ya 1978. Kwa miaka alitaka ile hadithi iendelezwe, hata akatengeneza filamu fupi ya kuishawishi kampuni. Ronald D. Moore alipoianza upya mwaka 2003, alimpa Apollo mwigizaji mwingine na kumfanya Starbuck awe mwanamke. Hatch aliumia. Lakini baadaye akakubali kuigiza Tom Zarek, mfungwa wa kisiasa mwenye maneno matamu na njama nyingi. Ni miongoni mwa kazi zake nzuri kuliko zote. Tamthilia mpya haikulazimika kupiga magoti mbele ya ya zamani, na mtu mzima akapata kazi ya mtu mzima.

Mjomba: Hatch nampa heshima yake. Lakini kuna jambo ambalo Zarek hawezi kulifanya, na Sarah Jane alilifanya. Elisabeth Sladen, aliyemwigiza, aliondoka Doctor Who mwaka 1976. BBC iliifufua tamthilia mwaka 2005, na mwaka uliofuata akarudi kwa kipindi kimoja, miaka 30 baadaye. Yule msafiri wa nyakati amebadilika sura, yeye amezeeka. Anachomuuliza ni kwa nini alimwacha na hakurudi. Wazazi waliokuwa sebuleni walilia, sawa. Lakini watoto je, ambao hawakumjua? Walimpenda kiasi kwamba alitengenezewa tamthilia yake ya watoto, iliyoendelea kuanzia 2007 hadi mwaka aliofariki, 2011. Kizazi cha pili kikamwita wa kwao. Unaposema kurudi ni kuwafurahisha wazee tu, umewasahau hao.

Mpwa: Sijawasahau. Sarah Jane alipewa swali la kuuliza, na swali hilo linaeleweka na mtoto wa miaka saba. Sasa linganisha na msimu wa tatu wa Star Trek: Picard, 2023. Stewart mwanzoni alikwenda kwenye kikao akiwa na nia ya kukataa mradi wote, na misimu miwili ya kwanza ilijitahidi kutokuwa mkutano wa wastaafu. Msimu wa tatu wakakusanywa wote: Frakes, Spiner, Burton, Dorn, McFadden, Sirtis. Karibu na mwisho wanaingia kwenye chumba cha usukani kilichojengwa upya kama kile cha zamani. Taa zinawaka polepole, kompyuta inazungumza kwa sauti ya Majel Barrett, aliyefariki 2008, na Picard anasema amelikosa zulia. Mjomba, zulia! Niliuona mkono wa mhariri mwenzangu pale: kila picha imeachwa sekunde kadhaa zaidi ili tulie. Nikalia. Halafu nikakasirika, kwa sababu machozi yangu yalikuwa ya samani.

Mjomba: Samani haikukuliza. Waliketi watu pale ambao miaka yao unaijua. Na hawakuja peke yao. Picard amegundua ana mtoto mkubwa ambaye hakumjua. Riker na Troi wamemzika mwana wao na hawajui wazungumzeje tena. Geordi ana mabinti wawili, na mmoja ameigizwa na binti wa kumzaa wa LeVar Burton, anayemwigiza Geordi. Mwishoni wameketi mezani wanacheza karata, kama walivyofanya mwisho wa tamthilia yao mwaka 1994. Jungu kuu halikosi ukoko, mwanangu.

Mpwa: Ukoko hatuwapi wageni, Mjomba. Wale vijana, watoto wao, waliwekwa kwenye chombo tayari kwa safari, na msimu ulipokwisha hawakupewa tamthilia yao. Mlango ulifunguliwa, hakuna aliyepita. Na kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Tukizoea kwamba hadithi haiwezi kwenda bila sura ya kwanza, sura yenyewe itatafutwa hata kaburini. Peter Cushing alifariki mwaka 1994. Mwaka 2016 alionekana tena kwenye filamu ya Star Wars, uso wake umetengenezwa kwa kompyuta juu ya mwigizaji mwingine.

Shangazi: Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma siku 118, na moja ya mambo makubwa waliyodai ni kwamba sura na sauti ya mtu visinakiliwe na kompyuta bila ridhaa yake na bila malipo. Nakala haigomi. Haiombi mistari zaidi. Haisemi kama Nichelle hayumo, nami simo. Wakishapata nakala ya Spock, Nimoy wa 1973 hawamhitaji tena, na yeye ndiye aliyekuwa na thamani. Na hata walio hai wanapoitwa, tazameni malipo. The X-Files iliporudi 2016, Gillian Anderson alisema wazi kwamba kwanza alitajiwa nusu ya kile alichotajiwa David Duchovny. Ikabidi apiganie, ndipo wakalipwa sawa. Mhusika wake alikuwa nusu ya tamthilia tangu 1993!

Mimi ninayeandika nimewasikiliza kwa muda mrefu na sitajificha nyuma yao. Mpwa ana haki kuhusu woga wa kampuni, na mfano wake wa Generations hauna jibu. Lakini dawa ya woga huo haiwezi kuwa kuwafungia nje watu walioijenga hadithi. Naona pia kwamba hakukosea alipomsifia Scotty wa 1992, kwa sababu kipindi kile, na Khan, na Sarah Jane, vyote vilifanya jambo moja: viliwaruhusu waigizaji waje na miaka yao. Generations ilitaka tusahau muda. Nakala ya kompyuta inafanya vivyo hivyo, tena kwa nguvu zaidi, na ndiyo maana naipinga hata inapotengenezwa kwa ustadi na kwa ridhaa ya familia. Sayansi ya kubuni ina vyombo vya kila aina vya kuvuka wakati, lakini miaka 15 kwenye uso wa Montalbán haikuhitaji hata kimoja.

Hukumu yangu ni hii. Waitwe wakiwa hai, waitwe pamoja na wale wa pembeni, mkataba usomwe kabla ya muswada, na mhusika akutwe amezeeka sawasawa na mwenye kumwigiza. Pale ambapo hayo hayawezekani, nafasi apewe kijana, kama Zoe Saldaña alivyopewa Uhura mwaka 2009 katika filamu ambayo Nimoy, karibu na miaka 80, alikuwa mwigizaji pekee wa kikosi cha awali. Alicheza Spock mzee, akamwachia Zachary Quinto yule kijana.

Msomaji asiyekubaliana nami na afanye jaribio moja: usiku mmoja atazame kipindi cha Khan cha 1967, na mara tu kinapokwisha aweke filamu ya 1982.